Jukwaa la Manchira Lililobaki Nusu: Mzee Erasto Nchagwa Kisyeri, 1954–2024

Mzee tunayemlaza leo katika udongo wa Busawe, Erasto Nchagwa Kisyeri, alizaliwa katika boma hili hili tarehe 3 Agosti 1954, mtoto wa tatu wa Mzee Nchagwa Kisyeri na Mama Wegesa, ambao wote wametangulia. Ulikuwa msimu wa kuvuna mtama. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa wakati watu wote wana kazi, ndiyo maana mikono yake haikujua kukaa bure. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa hapa, ila yeye hakuwa mchungaji wa kutegemewa. Mwenyewe alimsimulia mkewe, Tabitha, kwamba siku moja ng'ombe wa baba yake waliingia shambani kwa jirani wakala mahindi, na wazee walipomtafuta mchungaji walimkuta amelala kifudifudi kando ya mfereji, anajenga daraja la mabua ili siafu wavuke. Alichapwa. Lakini baba yake, kabla hajamchapa, alichuchumaa kwanza akalitazama lile daraja.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Nafasi za sekondari zilikuwa chache na yeye hakupata. Mwaka 1971 kanisa lilimpeleka kwenye karakana ya misheni kule Tarime kujifunza useremala, na huko alibatizwa Pasaka ya mwaka 1972 akapewa jina la Erasto. Mwalimu wake wa randa alimwambia baba yake kwamba kijana huyu ni mpole sana kwa mbao, anazishika kama anaogopa kuziumiza. Baba yake hakujua kama hiyo ni sifa au lawama, akarudi Busawe bila kuuliza.

Mwaka 1976 alikwenda Mwanza kutafuta kazi, na huko aliona treni kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuficha kwamba alishtuka akarudi nyuma, akamkanyaga mama mmoja muuza dagaa. Mwaka huo huo aliajiriwa na reli kama seremala, na akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2009. Alikaa Tabora, akakaa Kaliua, lakini sehemu aliyoizungumzia zaidi ilikuwa kituo kidogo katika njia ya kwenda Mpanda ambacho wafanyakazi walikiita Kambi Mninga. Halikuwa jina la kwenye ramani. Palikuwa na kibanda cha tiketi, nyumba chache za wafanyakazi, na mbuga ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Zege halikudumu pale. Akina mama waliruka kutoka mlangoni mwa behewa hadi chini wakiwa na watoto mgongoni, na siku moja mmoja wao alivunjika mguu. Basi mwaka 1979 Erasto na wenzake waliagizwa kujenga jukwaa la abiria kwa mbao. Nguzo walizichonga kutoka mataruma ya zamani ya reli, na juu wakatandika mbao za mninga. Likawa refu kiasi cha mabehewa matatu. Watu wakawa wanashuka kwa hatua moja tu, kama wanatoka chumba hiki kuingia kile.

Mzee alikuwa akisema kwamba jukwaa la zege linakupokea kimya, lakini la mbao linakuambia nani amefika. Akiwa ndani ya nyumba yake aliweza kujua kwa mlio wa miguu kama aliyeshuka ni askari, au mzee mwenye mkongojo, au mwanafunzi aliyerudi likizo na viatu vipya. Alipenda mlio huo kuliko redio.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Tabitha Robi, binti kutoka Nkende, katika kanisa la pale Tarime. Baada ya sherehe wakasafiri kwa basi hadi Mwanza, kisha kwa treni hadi Tabora, kisha kwa treni nyingine hadi Kambi Mninga. Bibi harusi alikuwa amevaa viatu vya kisigino alivyonunuliwa na shangazi yake. Aliposhuka tu, kisigino cha kulia kikazama katika nafasi kati ya mbao mbili, kikagoma kutoka. Abiria wakachungulia madirishani. Erasto hakumwambia avue kiatu. Alikimbia nyumbani akaleta nyundo na mtaimbo mdogo, akapiga magoti mbele ya watu wote, akang'oa ubao aliouweka kwa mkono wake mwenyewe. Mkuu wa kituo aliizuia treni hadi kiatu kikatoka kizima. Tabitha anasema aliona aibu ya kutaka kufa, na papo hapo akajua kwamba ameolewa na mtu mwema.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Nice na Sadock, ambao wote walijifunzia kutembea juu ya mbao zile.

Alipostaafu walirudi Tarime wakajenga Nkende. Mwaka 2011 mwenzake wa kazini alimpigia simu akamweleza, katikati ya habari nyingine, kwamba jukwaa la Kambi Mninga halipo tena. Mchwa walikuwa wamelila kutoka chini, likabomoka, na yaliyobaki yameondolewa. Mzee alishukuru kwa taarifa, akakata simu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba hadi chakula kikapoa. Wiki iliyofuata alianza kujenga reli ya mezani.

Wengi wenu mmeiona. Kwa wasioiona, ni reli ndogo kabisa, juu ya meza aliyoiunganisha hadi ikazunguka kuta tatu za sebule. Reli zenyewe ni spoku za baiskeli. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la dawa ya mbu, kinasukumwa na mota ya redio kaseti. Mabehewa na majukwaa aliyatengeneza kwa masalio ya mbao kutoka karakana ya rafiki yake Ojwang, seremala jirani pale Nkende, ambaye amesimama hapa pamoja nasi leo. Mzee hakuweka Tabora wala Kaliua. Aliweka Tarime, Nkende, Busawe, Manchira na Mugumu, sehemu ambazo treni haijawahi kufika. Na kila stesheni aliipa jukwaa la mbao kama lile la Kambi Mninga, nguzo kwa nguzo, ila jukwaa la Busawe alilifanya refu kuliko yote, kwa sababu alisema watu wa kwao hawajui kupanga foleni.

Makochi yakatolewa. Aliyekuja kutembelea familia alikaa kwenye stuli magoti yakiwa chini ya Busawe, na chai yake akawekewa Mugumu. Mkewe alinung'unika mwaka mzima, kisha akazoea, kisha akaanza kuwakaripia wageni wanaomwaga chai relini. Mwalimu Irine wa shule ya jirani alikuwa akileta wanafunzi wake kila muhula. Mzee aliwasimulia habari za stesheni huku vidole vyake viwili vikitembea juu ya mbao ndogo, vikigonga, ili wasikie jinsi abiria anavyofika. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza treni ya kweli itakuja lini Tarime. Alimjibu kwamba yeye ni seremala tu, kazi yake ni kuhakikisha ikija isikute watu wamesimama kwenye tope.

Manchira aliiacha ya mwisho. Ilikuwa ngumu, kwani alitaka jukwaa lisimame kando kabisa ya maji ya bwawa la pale Manchira, na maji yale aliyafanya kwa kioo cha dirisha. Alianza mwezi wa pili mwaka 2022. Alitandika mbao taratibu, akatoa, akatandika tena. Mkewe alimuuliza kwa nini hii inachelewa. Alisema kuna jambo moja hajalipatia jibu, akilipata atamwonyesha.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 14 Machi 2022, Tabitha alikuwa jikoni anachekecha unga aliposikia kopo la gundi likianguka. Hakwenda haraka, kwa sababu makopo yalianguka kila siku. Alipoingia alimkuta ameketi kwenye stuli yake mbele ya Manchira, ubao mdogo bado uko katika vidole vya mkono wa kushoto, mkono wa kulia umening'inia, na mdomo umekwenda upande. Alimwita. Mzee akamtazama akasema, "Bado." Ojwang aliitwa, wakampakia kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Lakini upande wa kulia haukurudi, na maneno hayakurudi. Daktari alieleza kwa upole kwamba sehemu ya ubongo inayotunza maneno imeumia, kwamba mzee anaweza kuwa anaelewa mengi, lakini njia ya kuyatoa imekatika. Likabaki neno moja tu. Ukimuuliza kama ameshiba, alisema bado. Ukimuuliza kama anasikia maumivu, bado. Mkewe alimsemesha Kikurya, akidhani labda lugha ya mama imejificha mahali salama zaidi, naye akajibu kwa Kiswahili, bado. Mwanzoni watu walicheka kidogo, na yeye pia alicheka kwa upande mmoja wa uso. Baadaye hakuna aliyecheka.

Kitanda chake kiliwekwa sebuleni kwa kuwa kiti cha magurudumu hakikupita mlango wa chumbani. Kwa hiyo aliamka kila siku akiitazama reli yake. Na mwezi wa sita ndipo lilipoanza jambo ambalo familia imeona ni haki lisemwe leo, kwa sababu ndilo lilikuwa maisha yake yote tangu hapo. Alianza kunyoosha mkono wa kushoto kuelekea jukwaa la Manchira. Mbao zilikuwa zimetandikwa nusu. Alinyoosha mkono, kisha akamgeukia mkewe, akamtazama kama mtu aliyeuliza swali na sasa anasubiri jibu.

Tabitha alimsogezea ile stesheni. Akasema bado. Akampa ubao mdogo mkononi, akautazama, akauachia. Akamletea randa yake, msasa, gundi, penseli. Akafuta vumbi. Akaondoa kioo cha maji, akakirudisha. Siku moja alikumbuka kiatu chake cha harusi, akaona labda mzee anataka iachwe nafasi kati ya mbao, iwe ukumbusho wao. Akapiga magoti kando ya kitanda akamweleza habari yote ya kile kisigino, mwanzo hadi mwisho, huku akimwonyesha mahali. Mzee alisikiliza. Machozi yakamtoka. Kisha akatikisa kichwa na kunyoosha mkono pale pale.

Nice alikuja kutoka Mwanza na kadibodi aliyoiandika herufi zote kwa rangi. Baba yake alizitazama zile herufi kama mgeni anavyotazama watu asiowajua. Alipopewa kalamu mkono wa kushoto alichora mistari inayokatana. Huenda ilikuwa reli, huenda haikuwa kitu. Mdogo wa marehemu, Simioni, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu, alimleta mzee wa mila kutoka hapa Busawe ili aangaliwe kama kuna jambo la ukoo lililosahauliwa. Tabitha hakupenda, lakini hakumzuia. Alisema, "Shemeji, kama kuna mlango ambao sijaugonga, ugonge wewe." Mambo yalifanyika kwa utaratibu wake, na kesho yake mkono ulinyooshwa pale pale.

Mchungaji Elia naye alifika kila juma. Safari moja alimshika mkono akamuuliza, "Mzee wangu, una amani moyoni?"

"Bado," mzee akajibu.

Waumini waliokuwepo walitazamana. Mchungaji akamwambia Tabitha kwamba asiogope, neno lile si jibu, ni kitu pekee alichobakiwa nacho. Tabitha alimuuliza, je, kama safari hii lilikuwa jibu? Mchungaji alifungua Zaburi akaanza kusoma, na hatumlaumu.

Januari mwaka jana Ojwang aliomba ruhusa ya kulimalizia jukwaa. Alisema kwa akili yake mzee anateseka kuona kazi imelala, na kazi ikiisha atatulia. Tulikubali sote. Ojwang alikaa mbele ya Manchira mchana mzima, akakata mbao kwa kipimo kile kile, akazitandika moja baada ya nyingine, mzee akimwangalia kutoka kitandani. Ilikuwa kazi safi. Alipoweka ubao wa mwisho alisogea pembeni ili mzee aone vizuri.

Mzee alilia. Alilia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake, hata walipomzika baba yake.

"Mama Nice, nimekosea wapi?" Ojwang aliuliza.

"Hata mimi sijui, Ojwang."

"Nizitoe?"

Tabitha alimgeukia mumewe akamuuliza kama zitolewe. Akasema bado. Akamuuliza kama zibaki. Akasema bado. Basi Ojwang akachukua kisu chembamba, akazitoa zile mbao zake moja moja, kwa uangalifu, asiguse zile za mzee, akazifunga kwenye gazeti. Alipomaliza, mzee alikuwa bado analia. Ojwang alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na Tabitha akamfuata na kikombe cha chai, kwa kuwa hakuona kingine anachoweza kumfanyia mtu yeyote kati yao wawili.

Baada ya siku hiyo hatukujaribu tena kubahatisha. Tabitha alifanya yale aliyoyajua: alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza ubavu, alimsomea Zaburi. Na kila asubuhi mkono uliponyooshwa, aliushika. Alimwambia, "Nimeona, Baba Nice. Naona unapoonyesha. Ila sikuelewi, nisamehe." Akaendelea kuushika hadi ukachoka.

Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huu alipata homa na kifua kikabana. Alipelekwa hospitali tarehe 9, akatibiwa nimonia. Madaktari na wauguzi walifanya kila walichoweza, na familia inawashukuru kutoka moyoni. Kule wodini hapakuwa na reli wala meza, lakini mkono wa kushoto uliendelea kuinuka kuelekea ukutani, na Nice, aliyekuwa zamu ya kukaa naye, alisogeza kitanda mara mbili akidhani ni dirisha. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024 hakuuinua. Mkewe aliushika mwenyewe pale ulipolala juu ya blanketi. Alikata roho jua likiwa linachomoza, akiwa na umri wa miaka sabini, bila kusema neno lolote.

Jeneza hili amelitengeneza Ojwang. Alipolileta alikuja pia na lile gazeti lenye mbao ndogo, akamuuliza Tabitha kama sasa azirudishe Manchira, ili kazi ya mzee isibaki na pengo. Tabitha alifikiri, akamwambia hapana, ibaki nusu kama ilivyo. Amesema tusimwambie mtu kwamba ndivyo mzee alivyotaka, kwa sababu hatujui alitaka nini. Mwalimu Irine ameomba aendelee kuleta wanafunzi, naye amekubaliwa. Wakiuliza kwa nini jukwaa la Manchira limeishia nusu, wataambiwa ukweli, kwamba fundi alikuwa na jambo lake moja pale, na sisi tuliokuwa naye nyumba moja hatukulijua.

Marehemu ameacha mjane, Tabitha Robi, watoto wawili, Nice na Sadock, pamoja na wenzi wao, wajukuu watano, mdogo wake Simioni na dada yao Nyanzara, na Ojwang, ambaye ukoo wa Kisyeri unamhesabu kuwa ndugu kuanzia leo mbele yenu nyote.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Sisi tulimpa Erasto chakula, tulimpa dawa, tulimpa mikono yetu aishike, na lile moja alilotuomba miaka miwili hatukuweza kumpa. Apumzike kwa amani, yeye ambaye tulishindwa kumpa amani hiyo sisi wenyewe.